Ndege ya Kivita Ndani ya Kitambaa cha Posa

Mjomba wangu hukusanya sarafu ambazo haziwezi kununua hata andazi. Ni sarafu za ukumbusho, zinatengenezwa nchi za mbali, na kila moja ina picha ya ndege ya kivita. Anaziagiza kwa simu, zinakuja kwa posta, naye huenda kuzichukua Kibaha mjini akiwa amevaa koti. Mwenyewe anauza vipuri vya baiskeli sokoni Mlandizi na hajawahi kupanda ndege ya aina yoyote. Ukimuuliza kwa nini ndege za kivita na si kitu kingine, naye anakuuliza kwa nini wewe unapenda wali.

Sarafu zake zinakaa kwenye sanduku la mbao lenye matundu ya mviringo, kila sarafu na tundu lake. Hazishikwi kwa vidole. Aliona kwenye video kwamba wakusanyaji wenzake wa huko nje huvaa glovu nyeupe, na kwa kuwa glovu za namna hiyo hakuzipata Mlandizi, yeye huvaa soksi nyeupe za shule mikononi. Akishazivaa hawezi kupokea simu wala kufungua mlango. Mteja akija kuulizia mpira wa breki anaambiwa asubiri.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Upande mmoja ilikuwa na ndege ya injini mbili imelalia ubavu juu ya mawingu, imetiwa rangi ya kijani na kahawia. Upande wa pili palikuwa na mama mwenye taji, na jina la nchi moja ya visiwa ambayo sijakutana na mtu anayeijua. Siku moja nilimuuliza kama nchi hiyo ina ndege kama zile.

"Haina hata moja," alisema. "Ina minazi."

"Sasa kwa nini wameiweka kwenye pesa yao?"

"Mia tano yetu ina nyati. Wewe umewahi kumwona nyati hapa Mlandizi?"

Mimi mara nyingi sina jibu, au ninalo lakini linafika watu wakiwa wameshaondoka. Nilimaliza darasa la saba nikaenda kufyatua matofali ya saruji Misugusugu, na kazi hiyo inanifaa kwa sababu tofali halikusemeshi. Unachanganya mchanga na saruji, unashindilia, unatoa, unamwagilia maji, basi.

Hapo kwenye uwanja wa matofali ndipo nilipokutana na huyu ambaye sasa ni mke wangu. Alikuja na shangazi yake aliyekuwa anaongeza chumba. Shangazi alikuwa anabishana bei na tajiri yangu, na yeye akasimama mbele yangu akaniangalia ninavyofanya kazi mpaka nikaharibu tofali. Akasema, "Hilo limevunjika." Nikasema, "Ndiyo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na kwa upande wangu yalikuwa marefu. Alirudi tena, bila shangazi, akiwa na sababu mbalimbali. Miezi ikapita. Mwishowe akaniuliza, "Wewe bwana, utaniposa, au unasubiri mimi nikupose?"

Nikaenda kumwambia mama. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mambo ya posa yalimwangukia mjomba, kaka yake mama. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga.

Kwetu barua ya posa haiendi mikono mitupu. Huandamana na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, ndani yake mna kishika uchumba, pesa kidogo tu ya kuonyesha kwamba watu wamekuja kwa heshima. Mshenga akishakabidhi, anakunywa chai, anaondoka. Kitambaa hufunguliwa na wanawake ndani, naye akiwa hayupo. Wakikubali, kitambaa kinabaki. Wakikataa, wanakirudisha na kila kilichokuwa ndani. Na upande wa muoaji ukienda kudai chochote kilichoingia na posa, hapo umejitoa mwenyewe, wala hakuna wa kukulaumu wakimwoza mwingine.

Mama alipiga pasi kitambaa, akaweka pesa, akafunga fundo. Mjomba naye siku hiyo hakutaka kuiacha sarafu yake nyumbani, kwa sababu mkewe alikuwa na wageni wenye watoto. Akaifunga kwenye kitambaa. Cheupe. Akakitia kwenye mfuko wa koti, uleule aliotia kitambaa cha mama.

Alikwenda mpaka Kisarawe, kwao binti, akapokelewa vizuri, akatoa barua, akatoa kitambaa, akanywa chai na mihogo, akaaga. Njiani kurudi alipumzika Kiluvya, akaona aitazame kidogo ndege yake. Akafungua kitambaa akakuta noti.

Aliingia nyumbani kwetu akiwa ameshika kile kitambaa kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Dada, nimewapa ndege," alisema.

Mama alielewa haraka kuliko mimi. Akakaa kwenye kigoda.

"Nitarudi kesho," mjomba akasema. "Nitawaeleza kistaarabu. Tutabadilishana."

"Utawaeleza nini? Kwamba tulikosea kitambaa? Watu wanaokosea kitambaa cha posa si watakosea na bibi harusi wa kumchukua?"

"Dada, ile ndiyo yenye injini mbili."

"Hata ingekuwa na injini kumi. Ukienda kuidai umevunja posa ya mwanangu."

"Na nisipoidai nimevunja seti yangu!"

Mama akamwangalia. Mjomba akaondoka. Kesho yake alileta lile sanduku la mbao nyumbani kwetu, akalifungua, akatuonyesha tundu tupu. Alituonyesha tu, akalifunga, akaenda zake sokoni.

Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza maisha yangu yakijadiliwa. Niliona jambo moja tu: nikikosa bahati, nitamkosa yule binti kwa sababu ya ndege ya nchi isiyo na ndege.

Huko Kisarawe nako hawakulala. Binti huyu amelelewa na babu na bibi yake, wazazi wa baba yake ambaye naye hayupo duniani. Alinipigia simu akiwa nyuma ya banda la kuku.

"Mmetuletea nini?" aliuliza.

Nikamweleza. Ilinichukua muda, kwa sababu mimi kwenye simu ni mzito zaidi. Akacheka mpaka kuku wakasikika wanahama. Kisha akaacha kucheka.

"Huku wamekaa kikao," alisema. "Bibi alipofungua kitambaa alisema hii ni dharau, watu gani wanaposa kwa silaha. Babu akaigeuzageuza, akasema hapana. Akasema watu hawaweki kitu kama hiki kwa bahati mbaya. Sasa wameshafahamu."

"Wamefahamu nini?"

"Kwamba wewe ni mwanajeshi. Rubani."

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na saruji mpaka kwenye viwiko.

"Umewaambia mimi nafanya kazi gani?"

"Nimewaambia matofali. Babu akasema ndivyo wanavyoambiwa waseme."

Kwa babu kila kitu kilikaa mahali pake. Hapakuwa na pesa kwenye kitambaa, kwa hiyo kilichokuwemo kilikuwa kikubwa kuliko pesa. Mshenga hakueleza chochote, kwa hiyo hakuruhusiwa kueleza. Na mjukuu wake alipokuwa akisisitiza matofali, matofali, yeye alimshika bega akamwambia, "Umefanya vizuri mwanangu. Endelea hivyohivyo."

Wakakubali posa. Kitambaa kikabaki. Ila walitaka kumwona kijana.

Nilikwenda kwa bodaboda, nimevaa shati la mpwa wa tajiri yangu. Pale uwanjani kwetu habari ilikuwa imeshafika, maana mama alimsimulia mtu mmoja. Niliondoka wenzangu wakinipigia saluti na makoleo. "Kamanda! Ukipita juu yetu punguza sauti, saruji haijakauka!"

Babu alikuwa barazani na bibi, na wazee wawili wa jirani ambao walidai wamepita tu.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja na usafiri gani?"

"Bodaboda, babu."

"Bodaboda," babu akarudia akiwaangalia wale wazee, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho cha adabu. "Haya. Na kazi?"

"Nafyatua matofali. Misugusugu."

"Ya saruji?"

"Ya saruji."

Babu akamgeukia mkewe. "Umemsikia?"

"Nimemsikia," bibi akasema. "Hakusita hata kidogo."

Nilitaka kueleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilikuwa na maneno kamili kuhusu mjomba na sanduku na vitambaa viwili. Lakini watu wanne walikuwa wananiangalia mdomoni, na mimi mtu akiniangalia mdomoni ulimi unakuwa kama wa kuazima.

"Hebu niambie," mzee mmoja akasema, "huko juu kuna baridi?"

"Juu wapi?"

Babu akapiga paja lake. "Amefunzwa huyu!"

Bahati mbaya, wakati huohuo ilipita ndege. Kisarawe hupita ndege nyingi zinazoshuka uwanja wa Dar es Salaam. Sote tukaangalia juu, hata mbuzi, lakini macho ya watu yalikuwa kwangu.

"Ile ni yenu?" bibi akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana bibi, ile ni ya abiria."

"Ameijua!" wakasema wote.

Binti alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa hacheki.

"Wakija kujua baada ya ndoa watasema tumewalaghai," alisema. "Babu akiona amelaghaiwa hasahau. Ana ndugu hajasema naye tangu wagawane mikorosho."

"Nitawaambia ukweli."

"Ukweli ndio umetufikisha hapa. Umewaambia ukweli mchana kutwa."

Na wakati huo mjomba naye alikuwa haelekei kutulia. Alianza kusema atakwenda Kisarawe mwenyewe, si kudai, kuisalimia tu. Mama alijua akishaiona hataondoka bila kuiomba. Alimfichia koti. Mjomba akasema atakwenda bila koti.

Basi huyu binti akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria hata ningepewa mwaka. Wazee walipomuuliza anataka mahari gani, maana mahari ni ya bibi harusi mwenyewe na yeye ndiye anayetaja, alisema, "Nataka ile sarafu."

"Ile tunayo," bibi akamwambia. "Omba kitu ambacho hatuna."

"Ile iliingia na posa. Ni ya nyumba. Mimi nataka iwe yangu, niitaje mbele ya shekhe, na anayenioa aitaje."

Alinieleza baadaye. Sarafu ikiwa mahari yake, hakuna mtu duniani wa kuidai, si mjomba wala nani. Na mahari hayawezi kuwa mali ya mtu mwingine bila yeye kuridhia, kwa hiyo shekhe lazima aulize mwenye sarafu ni nani. "Hapo ndipo utakaposema," alisema. "Mbele ya shekhe babu hawezi kusema umefundishwa kudanganya."

"Wakikataa je?"

"Basi watakuwa wamekukataa wewe, si rubani. Bora nijue."

Mjomba alipopelekewa habari alikuwa anajaza upepo tairi la mteja. Aliacha likajaa mpaka likapasuka.

"Mahari? Seti yangu?" Akafikiri. "Mwambie nampa helikopta. Ni nzuri, inaonekana mpaka marubani ndani."

Jibu lilikuja kwa simu, kwa sauti ya bibi mwenyewe: "Helikopta hapana. Hii tumeshaizoea."

Ndoa ilifungwa Kisarawe, asubuhi, nyumbani kwao. Wanaume tulikaa kwenye mkeka barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia. Niliona wazee waliojaza baraza zima, na baadhi walikuja kwa ajili yangu kama mtu anavyokwenda kuona treni. Mmoja alinipa mkono akanisimamia wima, miguu pamoja. Mjomba alikaa kulia kwangu, koti limerudi mwilini. Alikuwa hajala chochote tangu alfajiri.

Sarafu ililetwa kwenye sahani, juu ya kitambaa. Mjomba alipoiona alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. Shekhe aliichukua, akaigeuza, akaukuta upande wa mama mwenye taji, akaigeuza tena.

"Hii ndiyo mahari?"

"Ndiyo," babu akasema. "Mwenyewe ameitaka."

"Hakuna ubaya, maadamu ina thamani na imejulikana. Ni mali ya bwana harusi?"

Babu aliniangalia kwa upendo mkubwa. Nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa.

Niliona maneno yote niliyoyaandaa yanaondoka moja moja. Yakabaki machache, nikayasema hayo.

"Si yangu. Ni ya mjomba. Anazikusanya. Alikosea kitambaa. Mimi sijawahi kupanda ndege. Mimi nafyatua matofali."

Shekhe akamgeukia mjomba. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, akatoa zile soksi mfukoni, akazivaa mikononi mbele ya watu wote, kama ushahidi. Hapo nadhani ndipo waliponiamini. Hakuna jeshi linaloweza kutunga kitu kama kile.

Babu hakuniangalia tena. Aliangalia sahani, akaangalia barabarani, akaangalia wale wazee aliowaalika. Mzee aliyenipa mkono wima alianza kujikuna shingo. Mimi niliona nimeshamkosa. Nilianza hata kufikiria nitarudije, kama nitavua kanzu kwanza au nitarudi nayo.

"Matofali," babu akasema mwishowe.

"Ndiyo, babu."

"Ya inchi ngapi?"

"Tano na sita."

"Ya sita yanafaa choo?"

"Ndiyo yanayofaa, babu. Hasa chini, kwenye shimo."

"Na ulikuwa unaniambia tangu siku ile."

"Ndiyo, babu."

"Choo chetu kimeanguka tangu masika," babu alisema kwa uchungu, akiwageukia watu wote, kana kwamba wao ndio waliomficha fundi. "Nimekaa na fundi barazani kwangu namuuliza habari za baridi!"

Nyuma ya pazia bibi akacheka kwanza, kicheko cha pua, kisha wengine. Babu hakucheka, lakini alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi ya kukaa vizuri.

"Bado mwenye mali hajasema," shekhe akakumbusha. "Umeridhia?"

Mjomba aliishika sarafu kwa soksi zake. Akaiinamisha kidogo, ile ndege ikashika mwanga. Nilidhani atasema hapana, na ningemwelewa. Mimi nilikuwa napata mke, yeye alikuwa anabaki na tundu.

"Nimempa mpwa wangu," alisema. Ilikuwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Na yeye ampe anayetaka kumpa."

Shekhe akanishika mkono, akanielekeza niseme baada yake. Mahari lazima yaelezwe, alisema, yakielezwa vizuri hayaleti ugomvi. Nikarudia: nimekubali kumuoa, nikataja jina lake na la baba yake, kwa mahari ya sarafu moja ya fedha yenye ndege ya kivita.

"Ya injini mbili," mjomba akanong'ona.

"Ya injini mbili," shekhe akasema.

"Ya injini mbili," nikasema.

"Inayopinda kushoto."

"Bwana, inatosha," shekhe akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasema, kwa sauti, na inayopinda kushoto. Sijawahi kusema sentensi ndefu kiasi kile mbele ya watu, na yote ilikuwa kweli. Vigelegele vikapigwa ndani. Mjomba akavua soksi akala pilau sahani mbili.

Wiki ile ya ndoa sikurudi Misugusugu. Nilikuwa nyuma ya nyumba yao nachanganya saruji, nimefunga msuli, na babu amekaa kwenye kiti ananiangalia kwa furaha, akinielekeza mambo ambayo nayajua. Mke wangu alikuwa anabeba maji na kunicheka kila akipita. Mara akapita jirani mmoja ambaye siku ya ndoa alikuwa amesafiri. Alisimama kwenye ua, akanitazama nikipanga tofali la kwanza.

"Mzee, huyu si ndiye yule rubani?"

Babu akafikiri.

"Ndiye," akasema. "Yuko likizo."

Nilitaka kumsahihisha. Nikaona mchanganyiko unaanza kushika, nikachukua tofali la pili.